Papa aliyeng'atuka mwaka 1294: moyo mkuu au moyo mdogo?

Desemba 13, 1294, mjini Napoli, mzee wa miaka 80 hivi alivua mavazi ya kipapa mbele ya makardinali, akashuka kitini na kurudi kuwa mtawa Petro wa Morrone. Alikuwa Papa Selestini V kwa miezi mitano tu. Mshairi Mwitalia Dante baadaye, katika utenzi wake, alimweka langoni mwa Jehanamu mtu asiyetajwa jina, aliyekataa jambo kubwa kwa uoga, na wafafanuzi wengi wa mwanzo walisema ndiye huyo. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1313.

Kipimo cha kuamua kati ya lawama hiyo na sifa hiyo kilikuwepo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kuwa ukuu wa moyo ni fadhila iliyo chini ya ushujaa: kuyaelekea mambo makubwa yanayostahili heshima. Udogo wa moyo kwake ni dhambi, kama ya yule mtumishi aliyefukia talanta. Tena anaonya kwamba mtu anayeng'ang'ania kujiona hafai, ilhali anafaa, huenda anasukumwa na kiburi. Onyo hilo linatuhusu sana sisi waumini, maana kila anayekwepa wajibu tunamsifu kwa unyenyekevu. Wanaomlaumu Selestini wanasimama hapo, na hoja yao ni nzito.

Lakini kwa Thoma huyohuyo, mtu hujiona anastahili makubwa kwa kutazama karama alizopewa na Mungu, na hujishusha kwa kutazama upungufu wake. Selestini alikuwa na karama ya sala na alianzisha shirika la watawa. Utawala ulimshinda: cheo kimoja aliwapa watu zaidi ya mmoja, na Mfalme Charles II wa Napoli alimwelekeza hata katika kuteua makardinali. Talanta ya kufukia hapo iko wapi?

Mimi nailaumu zaidi Julai, makardinali walipomtwika mkaa pweke mzigo huo baada ya kushindwa kuelewana kwa zaidi ya miaka miwili. Kuuachia upapa akiwa na heshima yote mkononi kulitaka ushujaa. Ni kweli aliyemrithi, Bonifasi VIII, alimfungia ngomeni Fumone hadi akafa mwaka 1296, na Dante, aliyefukuzwa mjini kwake Firenze mwaka 1302, alimwona Bonifasi kuwa chanzo cha masaibu yake. Uchungu huo wa Dante nauelewa. Ila Selestini anadaiwa uamuzi wake. Ya Bonifasi ni ya Bonifasi.