Kulala Kerege, kushinda Kariakoo

Ukitaka kumjua mtu anayeishi Mapinga au Kerege, nenda Mwenge saa 11 jioni uangalie wanaopanda gari linaloelekea kinyume na kwao. Gari limetoka Bagamoyo, linakwenda kumalizia safari Makumbusho. Wao wanalidandia hapo hapo Mwenge, wanakwenda nalo mpaka stendi, na wenzao wakianza kusukumana mlangoni wao tayari wamekaa, mkoba mapajani. Ndiyo kugeuza na gari. Baada ya muda wanapita tena Mwenge pale pale walipopandia, na konda anagonga sarafu kudai nauli ya pili. Nimegeuza miaka sita sasa, na sikuwahi kuona ajabu yake mpaka mgeni wangu kutoka Tanga aliponiuliza: "Kwa hiyo mnalipa ili mrudi nyuma?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Ndilo swali la sisi sote tuliojenga wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani, huku riziki ikiwa Dar es Salaam. Tumelipa, sawa. Je, tumesonga mbele au tumerudi nyuma? Nimegundua jibu hubadilika kulingana na unayemuuliza ndani ya nyumba ile ile.

Kwanza tusidhani ni kikundi kidogo cha watu wenye vichwa vigumu. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Pwani na watu 1,098,668. Ya 2022 ikaukuta na 2,024,947. Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo ilitoka 4,364,541 ikafika 5,383,728. Fanya hesabu ya kutoa: Dar imeongeza watu milioni moja na ushee, Pwani imeongeza laki tisa na ushee. Mkoa uliokuwa robo tu ya Dar umeongeza watu karibu sawa na Dar yenyewe. Si wote ni sisi wa kugeuza na gari, wapo waliozaliwa hapa na waliofuata viwanda vya Kibaha na Mkuranga. Lakini Pwani imeizunguka Dar kwa upande wote wa bara, na ukivuka Mto Mpiji kutoka Bunju kuingia Mapinga huoni pengo lolote. Hardware, kanisa, msikiti, shule binafsi yenye ukuta wa rangi ya bluu, kisha hardware nyingine. Kibao tu ndicho kinachokwambia umebadilisha mkoa.

Hoja ya kujenga huku inajulikana na ina nguvu. Mwenye nyumba wa Sinza anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na siku ukikaribia kumzoea anakwambia mwanawe anaoa, chumba kinahitajika. Huku, mwenye mshahara wa kawaida ananunua kiwanja kwa awamu, anapiga msingi mwaka huu, anapandisha boma mwaka kesho, anapaua akipata mkopo. Wengi tulihamia kabla ya plasta, madirisha tumeziba kwa mbao, tukisema tutamalizia humo humo. Mtu aliyelala usiku wa kwanza chini ya bati lake mwenyewe, hata kama sakafu ni mchanga, usimletee hesabu za nauli. Hakusikii. Mimi sikusikia. Watoto wana uwanja wa kukimbia, kuku wanaokota, upepo wa bahari unafika bila feni, na hakuna anayegonga mlango tarehe moja.

Halafu kuna saa. Natoka nyumbani saa 10:45 alfajiri, adhana bado. Wenzangu wengi wanaswali Alfajiri wakishafika Tegeta au pale pale kwenye kiti. Nafika Kariakoo saa 1:15. Jioni natoka saa 11, nafika nyumbani saa 2 usiku ikiwa hakuna lori lililolala barabarani. Jumla saa tano na nusu. Kwa siku 22 za kazi ni saa 121 kwa mwezi, yaani siku tano nzima, mchana na usiku, nimekaa ndani ya gari. Watetezi wa kujenga mbali hawaandiki mstari huu popote. Wanalinganisha kodi na nauli, wanaona nauli ni nafuu, wanafunga daftari.

Watakujibu kwamba barabara inakuja. Ni kweli barabara zimekuja. Mwenge hadi Tegeta ilipanuliwa kwa msaada wa Japani ikawa njia nne, na mabasi ya mwendokasi awamu ya 4 ramani yake inafika Tegeta. Lakini tazama neno hilo: Tegeta. Ukishapita hapo unaingia kwenye njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, unayogawana na malori na mabasi ya mikoa ya kaskazini tangu lami ya kilomita 64 ya Bagamoyo hadi Msata ilipowapa njia ya kukwepa Chalinze. Na barabara ikipanuka, dalali naye anasogeza viwanja mbele. Zamani "dakika tano kutoka lami" ilikuwa Bunju, leo ni Zinga. Foleni haikuisha, ilihama na sisi.

Mpaka hapa nimesema kama msafiri, na huo ndio upungufu wa mazungumzo haya: wanaoyaongoza ni wasafiri. Mke wangu hasafiri. Alikuwa na meza ya vitenge Manzese, na tulipohama meza ikafa, kwa sababu watu wawili hawawezi kuondoka nyumba moja saa kumi alfajiri na kuacha watoto na dada wa kazi. Alijaribu genge hapa mtaani. Mchana hakuna mtu wa kumuuzia. Barabara nzima ni mageti yaliyofungwa na mbwa wanaolala. Akahamishia biashara kituoni, anauza chapati na chai saa kumi alfajiri, anafunga saa 12 asubuhi, wateja wote wakiwa wameshapita Bunju. Nyumba ni yetu sote wawili, lakini mimi niliongeza nyumba juu ya kazi niliyokuwa nayo, yeye alibadilishana.

Mtaa nao una gharama yake. Mkutano wa kitongoji unaitwa Alhamisi saa nne asubuhi. Wanaohudhuria ni wazee wenyeji, akina mama na fundi mmoja mwenye njaa ya tenda ya karavati. Wanaamua mchango wa kuchonga barabara na ulinzi, sisi tunarudi usiku tunalalamika kwamba hatukushirikishwa. Wanatuita watu wa kuja, na sina hoja ya kuwapinga. Mzee aliyeniuzia kiwanja namsalimu Jumapili tu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, umerudi safari?" Anajua sijasafiri. Ananichoma.

Mzee huyo ni upande mwingine ambao haupimwi. Kiwanja changu kilikuwa mikorosho yake. Alipewa fedha, karatasi ikagongwa muhuri, na wa kijijini wakachukua asilimia yao kumi. Bati lake jipya lilitoka humo, sitaki kumfanya mhanga wa kila kitu. Ila alinunua bati kwa shamba, na wajukuu zake wanaendesha bodaboda kutupeleka sisi majumbani kutoka lami. Wenzake wa Zinga na Mbegani waliuza kwa joto la mradi wa bandari ya Bagamoyo, mkataba uliposainiwa 2013. Wanunuzi walikimbilia huko, mradi ukasimamishwa 2019, na mashamba mengine mpaka leo ni nguzo za zege na majani.

Maji nisiyasahau. Mtambo wa Ruvu Chini upo ndani ya wilaya hii hii ya Bagamoyo na umelisha Dar kwa miongo. Miaka yetu ya mwanzo Kerege tulinunua maji ya boza kujaza simtenki, bomba kuu likipita kando ya barabara kuelekea mjini kama mimi, alfajiri kwa alfajiri. Sasa bomba limefika kwangu, na hapo wanaotetea kuhamia mapema wanapata alama: huduma hufuata watu, na waliotangulia ndio waliozivuta.

Nikiulizwa, nasema jenga, kama kazi yako si ya kuwahi Posta au Kariakoo kila siku, au kama mko tayari nyote, si wewe peke yako. Kupanua barabara peke yake naona ni kutupa nafasi ya kulala mbali zaidi. Kitakachobadili huku ni siku mtu wa Kerege atakapopata kazi Kerege, au wilaya itakapokubali kwamba soko na ofisi za huduma zinahitajika mahali ambapo sasa panapimwa viwanja vya kulala tu.

Jirani yangu wa ukuta ana njia yake. Alijenga kwa miaka saba ili aepukane na kodi, nyumba ya vyumba vinne, geti la kuteleza. Tangu mwezi wa tatu amepanga chumba kimoja Manzese, analala huko Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa anarudi na mfuko wa machungwa. Chumba alitafutiwa na mkewe. Juzi nimemuuliza wanalipisha kiasi gani.