Kalamu ya vitone haishindani na kibodi

Simu iko mfukoni na ina kamera. Ya nini basi kalamu yenye betri, tena inayodai karatasi ya peke yake? Swali hilo huwaandama wote wanaoandika shajara zao za mtandaoni (blogu) kwa kalamu ya kidijitali, ile inayonasa unachoandika kwenye karatasi yenye vitone na kukipeleka kwenye simu au kompyuta, na si swali la kipuuzi. Andika kwenye daftari lolote, piga picha, pakia, kazi imekwisha. Ukitaka maandishi ya chapa, chapa kwa vidole gumba moja kwa moja kwenye simu.

Ila swali lenyewe limeshaipa kalamu kazi isiyo yake. Linaipima kama kibodi inayokwenda pole pole, au kama kamera ya bei mbaya. Kalamu hii si kibodi, na ingawa kamera imo ndani yake, kamera hiyo haiuoni hata mwandiko wako.

Werevu wote uko kwenye karatasi. Katika mfumo wa kampuni ya Anoto ya Sweden, ambao kalamu nyingi za aina hii ziliufuata, ukurasa huchapwa vitone vilivyoachana kwa milimita 0.3. Kwa macho unaona kivuli cha kijivu tu. Vitone hivyo havikai kwenye mstari sawasawa. Kila kimoja kimesogezwa kidogo juu, chini, kushoto au kulia. Mielekeo 4 ni biti 2 za taarifa (biti moja ni jibu la ndiyo au hapana). Kamera iliyo chini ya ncha ikiona vitone 6 kwa 6, eneo lisilofika hata milimita 2 kwa 2, inajua ipo wapi kwenye ukurasa na ni ukurasa gani. Vitone 36 kwa biti 2 ni biti 72, ndiyo maana muundo mzima ukitandazwa hufunika takriban kilomita za mraba milioni 60, eneo kubwa kuliko Asia na Ulaya zikiunganishwa. Kila ukurasa wa daftari lako ni kiwanja kimoja katika nchi hiyo, na kina anwani yake.

Vitone huchapwa kwa wino mweusi wenye kaboni, nayo kaboni hufyonza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao kalamu inaumulika. Wino wa kalamu yenyewe hauna kaboni, kwa hiyo machoni pa kamera ni kama haupo. Kinachonaswa si umbo la herufi bali njia iliyopita ncha, kwa mpangilio wake na kwa saa yake. Tuyaite mapito. Anayesema “piga picha tu” anadhani vitu hivi viwili ni kimoja, na hapo ndipo ubishi mwingi unapopotelea.

Chukua uzito wa faili, jambo linalopitwa haraka mno. Kamera hupima mahali pa ncha mara zipatazo 75 kwa sekunde. Tuseme kila kipimo kinachukua baiti 8 za mahali, mkazo na wakati. Hizo ni baiti 600 kwa sekunde. Ukurasa wa maneno 200 kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika ni dakika 10, na ncha hugusa karatasi kama nusu ya muda huo. Nusu nyingine mkono uko hewani au mwandishi anatazama dirishani. Sekunde 300 kwa baiti 600 ni kilobaiti 180, kabla hata ya kubanwa. Picha ya simu ya ukurasa huo huo hufika megabaiti 3 kwa urahisi. Kurasa 12 za safari ya wiki moja, basi, ni megabaiti 2 na kidogo upande mmoja na 36 upande wa pili. Palipo na mtandao wa kubahatisha, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama shajara itatoka leo au wiki ijayo. Na ule mzigo mwepesi ndio ulio safi zaidi. Hauna kivuli cha mkono, hauna kona ya manjano iliyopigwa na taa, hauna ukurasa uliojikunja pale unaposhonwa. Ukiuhifadhi kama SVG, muundo wa picha unaotunza mistari yenyewe, msomaji anaukuza apendavyo na mistari inabaki laini.

Kuna pia wakati. Kwa kuwa kila pito lina saa yake, mchoro unaweza kuchezwa upya mstari kwa mstari. Kalamu ya Livescribe Pulse ya mwaka 2008 iliongeza na sauti, ukigusa neno kwenye karatasi unasikia kilichokuwa kikisemwa lilipoandikwa. Kwa anayeeleza hesabu, ramani ya njia au mshono wa nguo, kibodi haina cha kulinganisha na hilo. Picha ya karatasi iliyokamilika inamwonyesha msomaji jibu. Mapito yanamwonyesha mkono ulianzia wapi na ulikwama wapi.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja moja nzito kuliko zote: msomaji anataka maandishi, hataki mwandiko. Ukurasa uliopakiwa kama picha hautafutiki, haunakiliki, na programu ya kumsomea asiyeona inaupita kimya. Jibu la kawaida ni utambuzi wa mwandiko, nao una hesabu yake. Programu ikipatia maneno 95 kati ya 100, makala ya maneno 600 inabaki na makosa 30, na makosa hayo hayafanani na ya kibodi. Kibodi hukosea kwa kuzaa neno lisilokuwepo, kikagua tahajia kikalipigia mstari. Utambuzi hukosea kwa kuchagua neno halisi jingine. Kiswahili kinaponzwa sana hapa: mkia wa t ukipinda, “watu wengi walifika” inakuwa “wafu wengi walifika”, na hakuna kikagua kitakachoshtuka. N na u zikifanana, “kuna” inasomeka “kuua”. Alama ya ng' nayo huhesabiwa kuwa doa au mkato. Lugha ya programu ikiachwa kwenye Kiingereza, usijisumbue kusahihisha. Badilisha lugha, ukipeleke kitambuzi upya juu ya mapito yale yale. (Hilo nalo ni faida ya mapito. Kitambuzi bora kikitoka miaka 5 baadaye, daftari la zamani linasomwa tena bila kupigwa picha upya.)

Anayetafuta njia ya kukwepa kuchapa, basi, amekosea duka. Muda utakaookolewa kwenye kuandika utaliwa na usahihishaji, na makala ndefu ya maneno matupu bado ni kazi ya kibodi. Kalamu inamfaa aliyekuwa akiandika kwenye karatasi tangu mwanzo: mtu wa daftari la shambani, anayechora katikati ya sentensi, au anayekatika fikra kila arifa ya simu inapolia. Huyo halinganishi kalamu na kibodi. Analinganisha daftari linalobaki mkobani na daftari linalofika kwa wasomaji.

Lifike vipi? Kalamu hutunza kurasa kwenye kumbukumbu yake mpaka ikutane na kifaa. Kalamu ya Logitech io ya 2002 ilisubiri kuchomekwa kwenye kompyuta kwa USB, jambo lililofuta nusu ya maana yake. Kalamu za baadaye huongea na simu kwa Bluetooth, kisha programu ya simu hutoa ukurasa kama picha, PDF au maandishi. Kutoka hapo njia nyepesi ni barua pepe: majukwaa kama Blogger hukupa anwani ya siri, na kila kinachotumwa huko huingia kwenye blogu. Kichwa cha barua kinakuwa kichwa cha makala, mwili wa barua unakuwa maandishi, kiambatisho kinakuwa picha. Anwani hiyo huwa na chaguo mbili, kuchapisha papo hapo au kuweka kama rasimu. Chagua rasimu. Wabunifu wa kwanza walitaka utie tiki kwenye kisanduku pembeni mwa ukurasa na maandishi yaende yenyewe; wazo zuri kwa fomu za ofisini, baya kwa shajara, kwa sababu kile kilichofutwa kwa mstari mmoja mkali bado kinasomeka chini ya mstari huo.

Mwili wa barua uwe na muhtasari wa sentensi 3 au 4 uliochapwa kwa simu. Hizo ndizo zitakazotafutika, na ndizo atakazosikia asiyeona. Dakika 2 tu, na nusu ya hoja ya wapinzani imepata jibu.

Nusu iliyobaki haijibiki kirahisi. Karatasi ya vitone huisha, nayo haiuzwi kila mahali. Kujichapia kunawezekana, ila kwa masharti. Iwe printa ya leza ya angalau vitone 600 kwa inchi, kwa kuwa tona nyeusi ina kaboni. Printa ya wino wa maji hutandaza vitone, na weusi wake mara nyingi ni rangi tupu isiyoonekana kwa infraredi. Zima kile kipengele cha “kutosheleza ukurasa”, kwa sababu kupunguza hadi asilimia 97 hubadilisha nafasi kati ya vitone. Mistari na vichwa vichapwe kwa rangi zisizo na nyeusi, la sivyo vinaziba vitone na kalamu inapofuka kila inapovuka mstari. Kwa sababu hiyo hiyo, usiguse karatasi hiyo kwa penseli: grafiti ni kaboni.

Matatizo mengine hutokea mkononi. Kidole kikishuka mno karibu na ncha kinafunika kamera, na maneno yaliyopo kwenye karatasi hayamo kwenye faili. Mrija wa wino ukiingizwa usifike mwisho, au ukiwa mrefu kwa nywele, hubonyeza kihisi cha mkazo muda wote. Kalamu inaamini inaandika hata ikiwa hewani, na kila neno linafungwa kwa lililofuata kwa uzi mwembamba. Kalamu nyingi hutumia mrija wa kipimo cha D1, wa urefu wa milimita 67, lakini usinunue D1 yoyote. Tafuta ule ambao mtengenezaji anasema hauna kaboni. Betri ikikauka kabisa saa inaweza kurudi nyuma, na kurasa za jana zikapangwa kabla ya za mwaka juzi.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuweka karatasi ya kawaida juu ya kibao kinachofuata ncha, kama Bamboo Spark ya Wacom ya mwaka 2015. Karatasi inakuwa rahisi, lakini kibao hakijui umefungua ukurasa mpya mpaka ubonyeze kitufe. Ukisahau, kurasa 2 zinalaliana moja juu ya nyingine, na kuzitenganisha ni adhabu.

Kulaliana huko hutokea hata kwenye vitone, na huko kunauma zaidi. Daftari jipya lenye nambari ile ile ya daftari la zamani lina anwani zile zile. Kadhalika nakala ya fotokopi. Ukianza kuliandika kabla ya kulihifadhi la zamani kwenye programu, maneno ya leo yanaandikwa juu ya ya mwaka jana. Siku daftari linapojaa, toa kila ukurasa kwa PDF ya kutazama na kwa SVG au InkML ya kutunza mapito. InkML ni muundo wa wazi ulioidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2011, hautegemei seva ya mtengenezaji yeyote. Kisha liwekee daftari alama ya kuhifadhiwa, ndipo ufungue jingine.