Laptopu Kibogoyo

Jamani, mimi sina ugomvi na mtu. Nakaa zangu Mwanga hapa Kigoma, nina redio ya upepo ya mtumba, nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu, ishara yangu ya kujitambulisha hewani inaanza na 5H kama ya kila Mtanzania mwenye wazimu huu, na nina waya wa mita 20, ndio antena yangu, niliouning'iniza kati ya mwembe na nguzo ya choo. Majirani walishazoea. Wageni ndio huuliza kama pale panaanikwa nguo, na mama watoto huwajibu, "Hapo mume wangu anaanika akili zake."

Shida ni laptopu, ninayoiunganisha na redio ili iiendeshe. Ile ya zamani, nzito kama tofali la kuchoma, ubavuni ilikuwa na tundu la heshima: meno tisa, matano juu, manne chini, na skrubu huku na huku. Unachomeka waya wa redio, unakaza, unasahau. Ikafa. Kijana wangu akaniletea mpya, nyembamba kama chapati ya mgahawani siku ngano imepanda bei. Naigeuza kushoto, naigeuza kulia, naichungulia hadi tumboni. Hamna jino hata moja! Kibogoyo mtupu. Vijitundu viwili vya USB na kimoja cha kusikilizia muziki, basi. Ati mtindo ule wa meno ni wa kizamani, mawasiliano yake yalipangwa mwaka 1960. Sasa kwani mimi ni wa lini? Mbona bado nadaiwa ada za shule?

Nikaenda kwa fundi jirani na soko, nikamwonyesha ncha ya waya.

"Mzee wangu, huo ni wa projekta."

"Wa projekta una meno kumi na matano. Hebu hesabu."

Hakuhesabu. Alichukua wake akaanza kuulazimisha kwenye tundu la waya wangu kama mtu anayemvalisha mtoto kiatu cha mwaka jana. Nikaunyakua kabla hajavunja kitu. Mwisho wa yote nilitoka pale nimeununua huo huo waya wa projekta. Msiniulize kwa nini. Akikuita "mzee wangu" mara nane hivi, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Nikaagiza adapta, kiunganishi cha kuipa laptopu meno. Ikaja kwa basi kutoka Dar: upande mmoja USB, upande wa pili meno tisa yanang'aa. Nikaibusu. Na ndani ya kifurushi, wamenitilia sidii ndogo yenye draiva, programu ya kuitambulisha adapta kwa laptopu. Sidii! Laptopu isiyo na meno nayo haina pa kuingiza sidii. Yaani kibogoyo kaletewa muwa.

Nikanunua bando, nikapakua draiva. Ikatokea pembetatu ya njano: chipu iliyomo ndani ni ya kughushi, draiva imeigundua na imeikataa. Yaani kipande cha plastiki nacho kina vyeti feki! Nikaagiza nyingine. Hiyo ikakubaliwa, lakini kila nikihamisha tundu laptopu inaipa namba mpya ya mlango. Leo ni COM3, kesho COM7, keshokutwa COM12, kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba. Na ile programu yangu ya zamani inahesabu mwisho COM4, ikifika hapo imemaliza shule.

Namba ikatulia, redio bado kimya. Siku mbili nazima nawasha. Kumbe waya! Katika meno yale tisa, moja ni la kusemea na jingine la kusikilizia, la pili na la tatu. Kuna waya unaokwenda moja kwa moja na kuna unaopishanisha hayo mawili. Ukikosea, wote wawili wanasema palepale na wote wanasikiliza palepale. Nikacheka peke yangu, kwa sababu ndivyo tunavyozungumza mimi na shemeji yangu kuhusu kiwanja cha Ujiji. Na hapo hapo Ujiji, mwaka 1871, Stanley alimpata Livingstone bila adapta.

Basi ikafanya kazi. Siku moja, saa mbili usiku, taarifa ya habari imeanza, laptopu ikaamua kujisasisha. Ikajizima, ikajiwasha. Sasa kuna waya wa kuiamuru redio irushe, na laptopu ikiamka hupenda kuushtua huo. Nikasikia "tak!", taa nyekundu hiyo. Na kwa kuwa sauti ya laptopu nayo nimeiunganisha, ule wimbo wake wa kuamkia ukaenda hewani. Spika ya jirani ikakoroma kama kiboko. Akaja mlangoni. Nikamwambia ni hali ya hewa ya ziwani.

Uchawi wa mwisho ulikuwa huu: kila nikirusha kwa nguvu, mawimbi yanarudi kupitia waya wa USB, adapta inazimia, laptopu inalia "ti-dung". Nikirusha, ti-dung. Ndipo jicho likaangukia ule waya wa projekta uliolala kabatini. Ule una nundu karibu na ncha, mnaijua? Ndani ni feraiti, jiwe jeusi la kumeza mawimbi yasiyotakiwa. Nikaichuna kwa kisu cha jikoni, ikanidondoka ikapasuka vipande viwili. Afadhali, maana nzima isingepita kwenye kichwa cha USB. Nikavibana juu ya waya kwa utepe mweusi. Kimya. Fundi yule sitamwambia kamwe.

Usiku ule nikaingia FT8, njia ya laptopu kutumiana vijiujumbe kupitia redio, ile ya kupeana zamu kila sekunde 15 na kupeana alama za usikivu, ambazo hata zikiwa hasi mmesikiana. Nikaita, nikatuma na mraba wetu wa kwenye ramani ya redio, KI45. Mtu wa Italia akajibu! Nikaruka hadi kiti kikaanguka. Mama watoto akatoka na kanga begani.

"Umempata nani?"

"Mtaliano!"

"Kasemaje?"

"Kanipa hasi kumi na saba."

Akanitazama, akaitazama adapta, akaitazama ile nundu iliyofungwa utepe.

"Miezi mitatu, baba watoto. Halafu umefeli."