Sapatu za Mamangu Mkwe

Mke akikwambia "mama anakuja kukaa nasi siku mbili tatu", muulize za kalenda gani. Mamangu mkwe aliingia mwezi wa sita, upepo wa kusi umeshika kwelikweli. Leo kusi inaaga, na yeye jana ameagiza mto wa pili.

Wala sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni miguu yake. Alikaa miaka mitatu Nyahururu kwa mwanawe, huko juu mita 2,300 na ushei, wakamzoesha sapatu za sufu. Amerudi Lamu, mji ambao punda mwenyewe anatafuta kivuli, na kila alfajiri akikanyaga sakafu yetu ya chokaa nasikia, "Mkwe wangu, sakafu hii yanitafuna mifupa." Nikamnunulia za dukani, zenye manyoya ya waridi. Wiki ya pili zikafunua mdomo. Nikamtolea mitalawanda ya mbao ya marehemu nyanya: ka! ka! ka! usiku kucha, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Hapo mke wangu akatoa hukumu: "Wewe si mshona kofia? Mtu wa kutoboa vitobo vyote vile atashindwa na kiatu cha bibi kizee?"

Jamani, kushona kofia na kufuma sufu ni kama kuvua na kupika. Samaki ni huyohuyo, lakini usimwambie mvuvi akupikie mchuzi.

Uzi wenyewe ulinitoa roho. Mwenye duka Mombasa aliniapia ni sufu tupu. Nikarudi nao, fundi mmoja akaniambia nitie moto kipande: sufu ya kweli hunuka nywele zilizoungua, ikabaki jivu. Wangu uliyeyuka ukawa shanga ngumu. Nimelipa bei ya kondoo, nimeuziwa jagi! Na kondoo wetu wa huku ni wa nywele, ukimnyoa mzima hupati hata kamba ya kufungia tambuu. Ikabidi shemeji atume kutoka Nanyuki. Furushi likapanda basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, likanifikia limebonyea upande mmoja. Kuna abiria alilikalia safari nzima, na alikuwa si mwembamba.

Mwalimu wangu ni bibi mmoja wa kizungu ndani ya simu, dirisha la nyuma yake limejaa theluji. Anasema: shika nyuzi mbili pamoja, sindano za milimita 8, fuma kubwa kuliko mguu. Kubwa kiasi gani? Kubwa mno. Maana ukishamaliza unaichemsha, inarudi ndani kama theluthi. Unywele wa sufu, kumbe, una magamba madogo kama ya samaki. Ukiutia maji ya moto na sabuni ukausugua, magamba yanashikana hayaachani tena, na kitambaa kinakuwa kinene, kigumu, hakichaniki. Elimu hiyo mimi ninayo. Wenzangu wa barazani hawana.

Basi nipo barazani, mtaa wa Langoni, na washona kofia wenzangu, wao na visindano vyao kama miiba ya dagaa, mimi na vijiti viwili natoa kiatu cha urefu wa mkono. "Bwana, hilo jahazi litashushwa lini?" "Tanga utashona mwenyewe?" Mwingine akaleta mguu wake mzima, kiatu na vyote, akautumbukiza ndani, akauliza chumba cha pili kiko wapi. Nikanyamaza. Nilikuwa nageuza kisigino, na kisigino ukikiacha katikati kujibu mpumbavu unapoteza hesabu ya vitanzi. Nilijibu. Nikapoteza. Nikafumua mistari kumi na miwili.

Siku ya kuchemsha nikachukua sufuria ya biriani. Mke wangu alikuwa amekwenda Shela, kwa hiyo ruhusa ilikuwepo. Mwacheni kondoo aliyelowa anuke! Harufu ikashuka ngazi, ikazunguka kichochoro, na watoto wawili wa jirani wakaja na bakuli wakiuliza kama supu ya kichwa iko tayari.

Ya kushoto nikaisugua vizuri, nikaitoa mapema, nikaipimia kwenye kandambili yake ya zamani: sawasawa. Ya kulia ikawa bado iko motoni. Na hapo, mlangoni kwangu, punda wawili wakakutana, mmoja na mchanga, mwenzake na mawe, na kichochoro chetu kinapitisha punda mmoja na salamu. Wenye punda kila mmoja anasema mwenzake arudi nyuma. Nikatoka kuamua. Nusu saa. Mnajua mambo ya punda, mpaka watu wataje babu zao.

Kurudi jikoni, ya kulia imekuwa kikombe.

Niliivuta. Niliitia chupa ndani, nikaikalia kama yule abiria wa Mokowe. Magamba yameshikana, bibi wa theluji alishasema hayaachani. Na fundi wa makubadhi alikuwa ameshanikatia soli mbili za ngozi kwa kipimo kimoja, pesa nimelipa. Soli ni lazima, maana sufu juu ya chokaa iliyosuguliwa ni kama ganda la embe, na mgeni aliyevunjika nyonga haondoki kabisa.

Baada ya magharibi nikampelekea zote mbili kwenye sinia, kichwa chini. Akaingiza wa kushoto. Akatembea mpaka dirishani, akarudi, akabinyabinya kidole gumba. "Mashallah. Hii itanizika." Akaichukua ya kulia, akaitia vidole vitatu, akaitazama, akanitazama. Akaiweka kando taratibu, akaukunja mguu wa kulia chini ya leso, akaegemea mto wake wa pili.

"Hii nyingine nifumie polepole, mwanangu," akasema. "Mimi sina haraka. Siendi popote."