Arifa za seva: zije zote, au zije chache za kumwamsha mtu?

Usiku mmoja wa masika radi ilipiga Kigoma, na ndani ya dakika kumi simu yangu ikapokea meseji 46 kutoka kwa programu inayofuatilia seva na vifaa vya mtandao. Swichi ya mtandao ya ghorofa ya pili haijibu. Printa haijibu. Kamera ya getini haijibu. Sisi tulioishi miaka mingi na majenereta ya dizeli, umeme kukatika hautushtui. Nikaona ni yale yale, nikalala. Asubuhi, nikizipitia moja moja, nikaikuta ya tatu kutoka mwanzo: UPS ya seva, yaani kifaa cha kuishikilia umeme ukikatika, imehamia kwenye betri. Ile ndiyo iliyonihusu. Betri ilikwisha, seva ikazimika ghafla, na hifadhidata ya ofisi ninayoihudumia pale Mwanga, hapa hapa Kigoma, ikachukua siku nzima kurudi.

Tangu hapo nimekuwa nikibishana na mwenzangu anayetunza seva Tabora. Yeye anataka arifa zote, papo hapo. Mimi nataka chache.

Programu za ufuatiliaji kama Nagios hufanya kazi kwa kuuliza. Kila baada ya muda hubisha hodi: upo? Diski imejaa kiasi gani? Jibu hurudi na namba: 0 ni salama, 1 tahadhari, 2 hatari, 3 haijulikani. Jibu baya la kwanza kwa kawaida halitumi arifa. Programu huuliza tena, na majibu mabaya yakifika idadi uliyoipanga ndipo meseji inaondoka. Ukiuliza kila dakika 5, kisha ukataka majibu mabaya matatu yanayopishana dakika moja moja, hitilafu inaweza kukaa karibu dakika 7 kabla hujaambiwa.

Hapo mwenzangu ananibana, na ana haki. Dakika 7 ni nyingi kwa UPS ndogo iliyobeba seva. Isitoshe, anasema, ruta inayopotea sekunde kumi mara nne kwa usiku inakuambia kwamba inakufa. Ukisubiri ithibitike, utaijua siku imekufa kabisa. Kwa hili la pili Nagios ina dawa kiasi: hutazama majibu 21 ya mwisho, na hali ikiwa inapanda na kushuka kupita kizingiti, hukupa taarifa moja kwamba kifaa kinayumba, kisha hunyamazia nyingine mpaka kitulie.

Lakini anayesoma arifa ni mtu, tena mtu aliyelala. Zile 46 zote zilikuwa za kweli, na bado zilinificha ukweli. Kosa lilikuwa langu: sikuwa nimeiandikia programu kwamba kamera na printa zimekaa nyuma ya swichi ile. Ningeandika, swichi ingetangazwa kuwa imeanguka, na vilivyo nyuma yake vingehesabiwa kuwa havifikiki tu, nami ningeweza kuipanga isinipigie kelele kwa ajili yao. Alertmanager, sehemu inayotuma arifa za Prometheus, programu nyingine ya ufuatiliaji, nayo husubiri sekunde 30, usipobadilisha, ili arifa za kundi moja zitoke kwa pamoja.

Sasa nimepanga hivi. UPS na joto la chumba cha seva: jibu baya la kwanza, meseji. Vingine vyote visubiri. Na kila jibu, zuri au baya, liandikwe kwenye kumbukumbu, ili ruta ya mwenzangu inayopotea usiku ionekane asubuhi mtu akiwa na chai mkononi. Kurekodi hakumwamshi mtu.

Linalonisumbua bado ni ukimya. Simu isipolia, mambo ni shwari, au mkongo umekatika na barua pepe zimekwama kwenye foleni? Ndiyo maana nimechomeka modemu yenye laini ya simu kwenye seva ya ufuatiliaji, itume SMS bila kupita intaneti. Halafu bando la SMS likaisha, nikakaa siku mbili nikidhani kuna amani.

Kwa hiyo meseji moja nimeiongeza, na mwenzangu wa Tabora ameichukua vilevile: kila siku saa 12 asubuhi seva inaniandikia, "Nipo." Ikifika saa 12 na robo sijaipata, nawasha pikipiki.