Jaji aachiwe kupima: kwa nini nataka adhabu ya kifo ifutwe

Ukikaa Iringa, jina la Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa mkuu wa mkoa, huwezi kulikwepa; chuo cha ualimu kinaitwa kwa jina lake. Ukienda Isimani utasikia na la pili, Said Mwamwindi, mkulima aliyempiga risasi Klerruu siku ya Krismasi ya 1971, enzi za vuguvugu la ujamaa vijijini. Mwamwindi hakukimbia. Aliupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Alinyongwa.

Simtetei. Nyumba ya Klerruu ilibaki na msiba. Kinachoniuma ni kwamba hadi leo, ukishatiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, jaji hana cha kupima. Ukiacha mjamzito na aliye chini ya miaka 18, hukumu ni moja tu: kunyongwa hadi kufa. Jaji anaweza kumwonea huruma mtu aliyejisalimisha, lakini huruma hiyo sheria haiitambui.

Na ushahidi wenyewe? Huku kwetu ulanzi ukishakolea, ugomvi wa kilabuni unahamia njiani, panga linatoka, mtu anakufa gizani. Shahidi anasema alimtambua muuaji kwa mwanga wa koroboi. Tangu kesi ya mshtakiwa aitwaye Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza maswali yaleyale: mwanga ulikuwa kiasi gani, shahidi alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alimfahamu kabla? Inasisitiza kwa sababu macho ya usiku hudanganya. Aliyefungwa kimakosa hutolewa. Aliyenyongwa je?

Najua nitaulizwa kuhusu watoto wa Njombe waliouawa mwanzoni mwa 2019. Aulizaye ana haki, na hasira hiyo hata mimi ninayo. Mtu wa namna hiyo afie gerezani, sina neno. Ila kitanzi kilikuwamo kwenye sheria siku wale watoto wanauawa, na hakikumzuia mtu.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili na inadhalilisha utu, kisha ikaamua kwamba Katiba bado inairuhusu. Tangu 1994 hatujanyonga mtu, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hawezi kusaini mtu anyongwe. Tumebaki na watu wanaoamka kila asubuhi wakisubiri kifo ambacho serikali yenyewe haina moyo wa kukitekeleza. Huko ni kuwatesa, na kunafanyika kwa jina letu.

Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapohapo Arusha, iliiamuru Tanzania iondoe ulazima wa hukumu hiyo ndani ya mwaka mmoja. Wabunge wetu wa Iringa, Njombe na Mbeya waanzie hapo, kisha wasiishie hapo: kifungo cha maisha kiwe ndiyo adhabu ya juu kabisa, na waliokwisha kuhukumiwa kunyongwa wabadilishiwe.