Kima wa Boksi na Mkono Usio na Adabu

Kwa kuwa kuna mtu (anajijua) ameshatangaza kwamba kima wangu "alikojoa mbele ya wakwe", nami nisikilizwe. Hakukojoa. Alijishika tu.

Ni kima wa kuchezea, wa boksi, wa kuvuta uzi. Mikono na miguu inakaa nyuma ya kiwiliwili, imeshikwa na pini zile za miguu miwili zinazokunjwa. Kila kiungo kina matundu mawili: la pini, na la uzi sentimita 1 juu yake, limeegea upande wa ndani. Uzi mmoja unaunganisha mikono, mwingine miguu, na mrefu unafungwa katikati ya zote mbili ukaning'inia chini. Ukivuta, ncha fupi za ndani zinashuka, viganja vinapanda.

Sharti, ukichora mkono wa pili, geuza karatasi ya mfano. Mimi nani nigeuze? Nilichora yote upande safi wa boksi, mikono pacha, kwa hiyo tundu la uzi la mkono wa kushoto likaangukia nje. Tundu likiwa nje, mkono unazunguka kinyume. Ndiyo, cheka, umalize.

Wanangu wako chini, mama mkwe kwenye kiti. Nikavuta. Mkono wa kulia ukapanda polepole, saluti safi kabisa. Mama mkwe akatabasamu. Wa kushoto ukaanza safari yake: ukaelekea ndani badala ya nje, ukapita nyuma ya kiuno, kiganja kikachomoza pale chini katikati ya miguu, kikatulia. Nikaachia uzi upesi. Haurudi! Pini nilizikandamiza mpaka zikabana. Zilitakiwa zichezecheze ili mkono uanguke kwa uzito wake. Nikatikisa. Jamani, kutikisa ndiyo kulikoharibu, maana sasa alikuwa anajishika huku anaruka.

"Bibi, kima kabanwa mkojo!"

Nikavuta kwa nguvu, na tundu la mguu, nililolitoboa ukingoni kabisa, likachanika. (Acha angalau milimita 5, tafadhali.) Mama mkwe akaomba maji. Sina la kuongeza.

Nimekata mkono mpya, pini nimezilegeza, mguu nimeubandikia kiraka. Sasa anainua mikono yote miwili vizuri kabisa, na watoto wamemkataa. Wanamtaka yule wa mkojo.